Dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya paka

Mhariri,

Kuna dawa inauzwa katika baadhi ya maduka ya mifugo hapa Mombasa kwa kupimwa kwa kifuniko. Ni ya kuogeshea ng'ombe. Mwenye duka hufungua chombo kikubwa, akamimina kidogo kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, akakukabidhi. Chupa haina karatasi, haina jina la dawa wala kipimo. Ukiuliza utaambiwa, "Tia maji, muogeshe, hii inaua vyote." Na kwa hilo muuzaji hasemi uongo, maana paka naye yumo katika hivyo vyote.

Naandika kabla masika hayajaanza kwa sababu mvua zikishanyesha ndipo watu huanza kujikuna kwa viroboto wa paka, na wakianza kujikuna ndipo hukimbilia hiyo chupa.

Mimi nashona mito na magodoro ya usufi, Mji wa Kale, upande wa Kibokoni. Kazi hii imenijulisha viroboto kuliko nilivyopenda kuwajua. Watu huniletea mito ya ukumbini niijaze upya. Nikiutatua ule mshono wa pembeni, pale kitambaa kinapojikunja, mara nyingi nakuta vumbi jeusi la chembechembe. Mwenye mto ataniambia ni vumbi la njiani, dirisha lake laelekea barabara. Mimi huchukua kipande cha pamba nyeupe nikakilowesha, nikakibandika juu ya lile vumbi, nikasubiri kidogo. Likiwa ni vumbi la barabara litabaki jeusi au kijivu. Likianza kutoa wekundu wa kutu pembeni, hicho ni kinyesi cha kiroboto, nacho ni damu iliyonyonywa kwa paka ikatoka karibu kama ilivyoingia. Nawaonyesha wateja, wengine hukasirika kama kwamba nimewatukana. Lakini jaribio hilo hilo kila mtu anaweza kulifanya nyumbani: mpitishe paka kitana cha meno ya karibu karibu, hasa mgongoni karibu na mkia, ukung'utie kwenye karatasi nyeupe iliyolowa.

Sasa hicho kinyesi kina kazi yake. Kiroboto jike akishanyonya hutaga, na akiwa ameshiba vizuri hufikisha mayai 40 hata 50 kwa siku. Mayai yenyewe hayashikani na manyoya. Paka akiruka dirishani, akijinyoosha juu ya kochi, akijiviringisha kwenye mkeka, yanamwagika. Yanapoanguliwa hutoka mabuu meupe membamba yasiyopenda mwanga. Yanajipenyeza chini ya mkeka, kwenye nyufa za sakafu, uvunguni, kwenye pindo za mito yangu, na huko chakula chake ni lile lile vumbi la damu. Yakishakua hujifungia ndani ya kifukofuko kinachonata, na kifukofuko hicho hujipaka mchanga na nyuzi usiweze kukitambua hata ukikikanyaga. Humo ndani kiroboto aliyekwisha kukomaa anaweza kungoja wiki nyingi, hata miezi, hadi asikie kishindo cha miguu, joto la mwili na pumzi.

Ndiyo sababu ya kile kisa ambacho watu wa mtaani kwetu wamekifanya cha mashetani. Familia imefunga nyumba, imekwenda kwa mtoto wao Uarabuni au Nairobi, na paka wamekwenda zao. Wanarudi, wanafungua mlango, hawajashusha hata mizigo na vifundo vya miguu vimejaa vidoadoa vya kuumwa. Si jini wala husuda. Ni viroboto waliokuwa wamesubiri mtu apite.

Wanaosomea wadudu hawa wanasema wakubwa tunaowaona wakikimbia tumboni mwa mnyama ni kama asilimia 5 tu ya ukoo mzima. Waliobaki ni mayai, mabuu na walio ndani ya vifukofuko, nao wamo nyumbani. Joto la kati ya nyuzi 20 na 30 na hewa yenye unyevu mwingi ndivyo vinavyowafaa, na mtu aliyelala Mombasa usiku mmoja bila feni hahitaji kuelezwa tunayo hewa gani. Huko kwenye majira ya baridi kali viroboto wa nje hupungua kwa miezi. Kwetu hawana likizo. Katika hali nzuri kizazi kizima, toka yai hadi mrukaji, huweza kukamilika ndani ya wiki tatu hivi.

Basi mtu anayemuogesha paka kwa sumu ya ng'ombe anapigana na hiyo asilimia 5, na anapigana nayo kwa silaha inayomuua aliyetaka kumwokoa.

Nilimwona mmoja kwa macho yangu. Jirani yangu wa juu ana paka wa rangi ya machungwa, mtulivu, aliyelelewa na watoto wake. Walimuogesha asubuhi kwa ile chupa ya kifuniko. Baada ya adhuhuri mtoto mkubwa alishuka kuniita, "Shangazi, njoo umuone, anatetemeka." Nilipofika alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya jikoni. Masikio yalikuwa yanachezacheza peke yake. Ngozi ya mgongo ilikuwa ikikimbia mawimbi, toka mabegani hadi mkiani, bila ya kuguswa. Mate yanamtoka, mboni zimepanuka, miguu ya nyuma inarusha mateke. Watoto walidhani ana baridi kwa sababu ya kuogeshwa, wakawa wanataka kumnywesha maziwa ya moto. Tuliwakataza. Paka anayetetemeka hivyo ukimtia kitu mdomoni kitaingia kwenye mapafu. Tulimuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, tukamsuuza, tukamkausha, tukamfunga kwa leso, tukachukua tuktuk hadi kwa daktari wa mifugo. Mola alimjalia akapona. Wapo wengine mtaani ambao hawakuwahi kufikishwa popote.

Daktari alitueleza kwa lugha nyepesi, nami nairudia hapa kwa wasomaji. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe, na baadhi ya dawa za mbwa, zina sumu za jamii moja: permetrini, sipermetrini, deltametrini na ndugu zake. Ini la mbwa na la ng'ombe huzivunjavunja zikatoka mwilini. Ini la paka halina uwezo huo, au linao kidogo mno, hivyo sumu hubaki ikachezea mishipa ya fahamu. Ndiyo mitetemeko ile. Kwa hiyo hata ile dawa ya matone iliyofungwa vizuri katika pakiti ya kupendeza, yenye picha ya mbwa, ukimdondoshea paka "nusu yake" waweza kumuua. Hata paka anayelala amejikunyata na mbwa aliyetiwa dawa hiyo leo yumo hatarini. Dawa nyingine ya kuogeshea ng'ombe ni amitrazi. Hiyo haimtetemeshi paka. Humlegeza, akapoa mwili, moyo ukaenda polepole, na mwenye paka akadhani paka wake amepata usingizi mzuri baada ya kuoga.

Mafuta ya taa na oili chafu ya gereji sitazungumza sana. Bado vinatumika, hasa kwa mbwa mwenye upele. Vinaunguza ngozi, na mnyama akijilamba vinamharibu ndani. Paka hujilamba mchana kutwa, kwa hiyo chochote unachompaka mgongoni hesabu umempa ale.

Mwarobaini sina ugomvi nao, mti huo umetulea sote. Lakini maji ya majani yake hayataua vifukofuko vilivyo chini ya zulia, na mafuta yake yaliyokamuliwa ni makali kwa paka. Bibi zetu walipochemsha mwarobaini walikuwa pia wakianika mikeka juani na kufagia hadi uvunguni kila siku. Sisi tumechukua majani tukaacha ufagio.

Na ufagio ndio nusu ya dawa. Toa mikeka, mazulia na mito nje, jua la mchana lile la kaskazi, igeuze upande wa pili. Mabuu hayawezi ukavu. Fua kwa maji ya moto matandiko anayolalia paka. Fagia nyufa, choma au funga ndani ya mfuko ulichokifagia, usikitupe nyuma ya mlango. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa mfululizo, kwa sababu walio ndani ya vifukofuko wataendelea kutoka, na ukiwaona baada ya siku kumi usiseme dawa imeshindwa. Jingine, wakati huo huo mtibu mnyama kila mmoja aliye nyumbani, si yule anayejikuna peke yake.

Dawa ya paka iwe imeandikwa paka, na ipimwe kwa uzito wake. Mizani si tatizo: simama juu yake peke yako, kisha simama umembeba paka, toa hesabu. Kitoto cha paka ambacho hakijatimiza wiki nane usikitie dawa ya viroboto bila kauli ya daktari. Kitana na maji ya uvuguvugu vitakitosha.

Nikija kwa mbwa, najua wasomaji wengi wa mtaani kwetu hawafugi. Lakini kaka yangu anakaa Mishomoroni, na huko uwanja bila mbwa ni kuwaalika wezi. Shida yake ni kupe, na kupe wa mbwa ana tabia ambayo imewapotosha wengi. Yeye si kama yule wa ng'ombe anayengojea majanini. Huyu anaishi nyumbani. Jike akishashiba hujiangusha, akapanda ukuta, akaingia kwenye ufa wa plasta au nyuma ya fremu ya mlango, huko akataga mayai yanayoweza kupindukia 3,000, kisha akafa. Watoto wakitoka wanakuwa wadogo kuliko punje ya ufuta, wana miguu sita, wanashuka kumtafuta mbwa. Mtu anaogesha mbwa kila Jumapili na kila Jumapili kupe wako pale pale, akanunua dawa kali zaidi, ilhali ukuta hajaugusa. Kaka yangu alipoziba nyufa za banda kwa saruji na kuhamisha matandiko ya gunia akaweka ubao unaofutika, tofauti ilionekana.

Kupe watafute masikioni mwa mbwa kwa ndani, chini ya mkanda wa shingo, na katikati ya vidole vya miguu, huko ndiko hujificha wengi. Kumng'oa, tumia kile kibanio cha nyusi: mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumnyonga. Usimuunguze kwa kibiriti wala kumpaka mafuta ya taa, maana akisumbuka hutema ndani ya jeraha alichokuwa nacho. Wala usimpasue kwa kucha.

Alicho nacho ndicho kinachoua mbwa wengi wa pwani kimyakimya. Mbwa anakataa chakula, ana homa, ukimfunua mdomo fizi zimepauka, mwingine hutoka damu puani. Watu husema amelishwa sumu na jirani, na ugomvi ukaanzia hapo. Mara nyingi ni maradhi ya kupe, vijidudu vya damu vinavyoingia anapoumwa. Yakiwahiwa, dawa ipo hospitalini kwa daktari wa mifugo. Yakicheleweshwa, pole.

Minyoo nayo imefungamana na hao hao viroboto. Ukiona vitu vyeupe mfano wa punje za mchele vimekauka chini ya mkia wa paka, au vinajongea juu ya mto, hivyo ni vipande vya tegu. Paka hampati tegu huyo kwa kula samaki mbichi wa Marikiti kama tunavyoambizana. Anampata kwa kumeza kiroboto anapojilamba. Ukimpa dawa ya minyoo ukawaacha viroboto, mwezi ujao utarudi dukani. Hata mtoto mchanga anayetambaa kwenye mkeka akimeza kiroboto aweza kumpata.

Kuna minyoo wengine wanaopitia mchangani. Kinyesi cha mbwa na paka kikiachwa kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli, chini ya miti, juu ya pale maji ya bahari yanapofika, mabuu ya safura hutoka humo yakapenya nyayo tupu. Kwa binadamu hayafiki mbali, hubaki chini ya ngozi yakichora mstari mwekundu unaowasha na kusogea kila siku. Nimewaona watoto wa madrasa wenye mistari hiyo, wamepakwa kila aina ya marhamu ya upele. Hao wapelekwe zahanati, si upele. Na watoto wa mbwa waanze dawa ya minyoo wakiwa na wiki mbili tu, kwa sababu wengine huzaliwa nayo tayari.

Hatuwezi pia kujifanya mambo haya ni ya kigeni kwetu. Mwaka 1958 wataalamu waliandika juu ya mnyoo waliyemkuta kwenye mitoki ya paka, mbwa na kanu (yule mnyama wa porini afananaye na paka) wa kisiwa cha Pate, huko Lamu, mnyoo anayepelekwa na mbu. Wakampa jina la kisiwa, hadi leo vitabu vya sayansi vinamwita patei. Mwambao wetu umo vitabuni kwa minyoo ya paka, lakini kwenye duka la mifugo la hapa mjini hukuti hata karatasi moja ya Kiswahili inayomweleza mwenye paka afanye nini.

Kwa hiyo nina maombi kwa wahusika.

Wenye maduka: uzeni dawa katika chombo chake. Najua hoja yenu, na ni ya kweli. Dawa nzuri ya matone ni ghali, mteja ana shilingi mia mfukoni, na mkimnyima ataenda kwa mwingine. Lakini zile pakiti za matone nyingi huwa na vidude kadhaa ndani. Mwuzieni kimoja, kikiwa hakijafunguliwa, na mumwandikie kwa mkono: cha mnyama gani, wa kilo ngapi, tarehe gani. Hiyo mteja wa shilingi chache huenda akaifikia akichangiana na jirani. Na mtu akisema "paka", msiiguse dawa ya ng'ombe hata akiiomba mwenyewe.

Kaunti: Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti huduma za matibabu ya mifugo, na imeziweka ndani ya afya, katika orodha moja na zahanati, magari ya wagonjwa, makaburi na uzoaji wa taka. Leseni za mbwa na ustawi wa wanyama pia ni kazi ya kaunti kwa maandishi. Sisi huwaona maafisa wa mifugo zaidi panapokuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, nao tunawashukuru, kwani ugonjwa huo hauna mzaha. Basi siku hiyo hiyo, watu wakiwa wamekwisha kupanga foleni na wanyama wao, ipo shida gani kutoa na dawa ya minyoo, na kumwonyesha kila mtu namna ya kung'oa kupe? Na ifanyike tena mwezi wa pili au wa tatu, kabla ya mvua, si Septemba peke yake. Mkaguzi apite pia madukani aulize zile chupa za maji zisizo na karatasi zina nini.

Wapo paka wasio na mwenyewe, wale wa sokoni, wa misikitini, wa vichochoro vya Mji wa Kale, ambao kila nyumba huwatupia vichwa vya samaki na hakuna anayewatia dawa. Ukimtibu wako akashuka ngazi kuzungumza nao, amerudi na wageni. Hili mtu mmoja haliwezi. Mitaa ikichanga, kama tunavyochangia taa ya kichochoro, daktari mmoja anaweza kuwapitia kwa asubuhi moja au mbili, na kuwahasi papo hapo wale wanaostahili. Nimewatajia wazee wa mtaa, wamecheka kwanza, kisha wakaniuliza bei.

Na kwako Mhariri. Habari za kilimo na mifugo kila gazeti huziandika, ng'ombe wa maziwa na kuku wa kienyeji hawakosi nafasi. Tupe nusu ukurasa kabla ya Aprili, umwite daktari wa mifugo aliyesajiliwa na bodi yao, aandike kwa Kiswahili majina ya sumu zisizomfaa paka, kwa herufi kubwa, ili tuukate ukurasa huo tukaubandike kwenye milango ya maduka yenyewe. Gundi nitatoa mimi.

Mshona mito,
Kibokoni, Mombasa.